Uzi: "Run" siyo kukimbia. Njooni huku mwisho wa reli tukichambue hiki kitenzi

#1 Mgebuka Mkavu

Wakuu, habari za jioni.

Niko mwaloni Kibirizi, nimeegemea boti la watu, mtandao leo unashika, nikaona nitoe jambo lililonikaa kifuani miaka mingi. Kwa wasiopajua, Kibirizi ni hapa Kigoma, ndipo yanapoondokea maboti ya vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, na ya hifadhi ya Gombe pia. Nilianza kupokea wageni hapa nikiwa na Kiingereza cha kidato cha nne, kile cha kukariri. Kwenye daftari langu kulikuwa na mstari mmoja: run, kimbia. Basi. Nikatembea nao hivyo hivyo mpaka siku mzee mmoja wa Kiingereza aliponisogelea, begi mgongoni, kofia ya jua kichwani, akaniuliza: "Is she running yet?"

Nikageuka kuangalia. Ufukweni palikuwa na mama mmoja tu, ameinama anageuza dagaa wake juani. Nikajibu kwa adabu zote: "No sir, she is selling dagaa."

Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Kumbe anaulizia boti. Chombo cha majini wao hukiita "she", kama mwanamke, na "running" hapo ni mashine kuwaka na kufanya kazi. Ajabu ni kwamba jibu langu lilikuwa sahihi. Mashine ilikuwa haijawaka, fundi ameichomoa plagi anaipuliza. Nilipatia kwa bahati, kama mtu aliyechagua jibu B kwa kufumba macho.

Tangu siku ile kila nikikisikia hiki kitenzi nakiokota. Na nilichogundua ni kwamba walionifundisha walianzia mwisho. Kamusi kubwa ya Oxford ilipokuwa inaandikwa upya, mhariri aliyepangiwa neno hili, Peter Gilliver, alikaa nalo miezi 9, akatoka na maana 645. Za kitenzi peke yake hizo. Kabla ya hapo ubingwa ulikuwa wa "set". Sasa jiulizeni, Mwingereza wa kawaida anayeuza mkate kwao ana maana 645 kichwani? Hana. Ana moja, nyingine zinamjia zenyewe njiani. Hiyo moja ndiyo tulinyimwa shuleni.

Nayo siyo miguu. Kiingereza cha kale kilikuwa na "rinnan", na kilitumika kwa maji sawasawa na kwa mtu. Wajerumani wanalo "rinnen" mpaka leo na kwao ni kutiririka, hakuna habari ya mtu kukimbia humo. Kwa hiyo toa picha ya mwanariadha kichwani, weka picha ya maji: kitu kinachokwenda mfululizo, hakikatiki, kinafuata njia yake. Bomba likiachwa wazi, "the tap is running". Mashine ikiunguruma, "the engine is running". Reli inayotoka Dar mpaka hapa kwetu, zaidi ya kilomita 1,200 za chuma kisichosogea hata inchi moja, nayo "runs from Dar es Salaam to Kigoma". Chuma hakikimbii popote. Ni jicho lako ndilo linalotiririka juu yake.

Haya, leteni yenu. Na wale wa "uzi bila picha" naomba mpite kimya.

#2 Mpita Njia wa Mwanga

Uzi bila picha haunogi.

#3 Asali ya Miombo

Nimeweka kambi. Mkuu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Tabora, na kwa hesabu za umri wako inawezekana daftari unalolilaumu niliandika mimi ubaoni. Utusamehe. Ukiwa na watoto 90 darasani na chaki mbili, neno moja linapewa maana moja, maisha yanaendelea.

Ila umenikumbusha. Mwaka fulani nilitoa sentensi "My nose is running" watafsiri. Kijana mmoja akaandika "Pua yangu inakimbia." Nikamwekea kosa. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, wewe ulituambia run ni kimbia. Sasa inakimbia kwenda wapi?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi sikuwa na jibu. Ningekuwa nimesoma huu uzi ningemwambia ni kamasi zinatiririka, Mwingereza kaisingizia pua.

Naomba niongeze kitu kimoja ambacho wengi kinawatesa: "run out of". "We have run out of salt." Mwanafunzi anatafuta nani anakimbia hapo. Sisi? Chumvi? Anatafuta na mlango wa kutokea. Wakati Kiswahili kina njia tatu za kulisema na zote ziko mdomoni mwake tangu yuko jikoni kwa mama yake: chumvi imeisha, chumvi imetuishia, tumeishiwa chumvi. Ile ya tatu ndiyo pacha wa Kiingereza. Sisi tumetangulia kwenye sentensi, lakini ule mwisho wa kitenzi unakuambia hatukufanya kitu, tumefanyiwa. Isha, ishia, ishiwa. Siku nilipoanza kufundisha kwa kuanzia kwenye "ishiwa" badala ya kuanzia kwenye "run", lile somo la vipindi viwili likaisha kwa dakika kumi.

Na mtofautishe "time is running out" na "we are running out of time". La kwanza ni muda unayoyoma, wenyewe tu, hata kama hakuna mtu anayeuangalia. La pili ni muda unatuishia, na kuna watu hapo wanahangaika.

#4 Binti wa Ujiji

Shikamoo mwalimu, hamjambo kaka zangu.

Mimi nauza vitenge. Kuna mteja mzungu alinunua doti mbili, kesho yake karudi nazo kwenye mfuko zimelowa, ananiambia "the colours run". Nikajua ananisifia! Nikadhani anasema rangi zinachangamka, zinaenda mbio, zinavutia. Nikamwambia "thank you, thank you". Akafungua mfuko, nikaona shati lake jeupe limekuwa la waridi.

Kuchuja, jamani. Rangi zinachuja. Nimemrudishia hela yake na aibu juu.

#5 Mgebuka Mkavu

Marahabaa... samahani, hiyo siyo yangu, ni ya mwalimu 😂

Binti wa Ujiji umeleta mfano mzuri kuliko yangu yote. Rangi inatoka pale ilipo inatiririka kwenda isipotakiwa. Kiswahili chetu kimeangalia maji yanavyoiondoa rangi, tukasema inachuja. Wao wameiangalia rangi yenyewe inavyotembea.

Mwalimu, hapo kwenye "out of" nina nyongeza, na ni ya huku huku ziwani. Mnajua kuna wakati wasomi wa Ulaya waligombana miaka kwa sababu ya mkia wa hiki kitenzi? Mwaka 1858 wasafiri wawili wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika Ujiji. Hoja iliyokuwa inawawasha ilikuwa chanzo cha Nile. Kule ncha ya kaskazini ya ziwa, upande wa Burundi na Kongo ya leo, kuna mto Rusizi. Kama Rusizi "runs out of the lake", yaani unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi Tanganyika huenda ndiyo mama wa Nile, kama Burton alivyotaka, na kashinda. Kama "runs into the lake", yaani unaingia ziwani, hesabu imekufa. Walipanda mtumbwi mpaka Uvira, hawakufika mlangoni mwa mto, lakini wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Burton hilo halikumpendeza, na ubishi ukaendelea huko kwao.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley akamkuta mmisionari Livingstone pale Ujiji. Watu wote wanakumbuka ile salamu yao chini ya mwembe, lakini baada ya pale walipanda mtumbwi pamoja wakapiga makasia mpaka kaskazini kabisa kwenda kuangalia maji kwa macho. Rusizi unaingia. "Into". Wenyeji walikuwa wamesema hivyo miaka 13 nyuma. Mlango wa kutokea maji ulikuja kuelezwa na msafiri mwingine wa Kiingereza, Cameron, mwaka 1874, uko upande wa magharibi, mto Lukuga, unaopeleka maji Kongo.

Kwa hiyo ukikosea "into" na "out of" usijilaumu sana, kuna watu waliukosea mto mzima.

Malagarasi wetu huu nao "runs into", mkienda Ilagala mtauona unavyoingia na tope lake.

#6 Kuli wa Stesheni

Asee mimi nilikuwa najua "I ran into my uncle" ni nimemgonga mjomba na baiskeli.

#7 Mgebuka Mkavu

Inaweza kuwa hivyo pia, mkuu. "I ran into a wall" umegonga ukuta. "I ran into my uncle" kwa kawaida umekutana naye ghafla, hamkupanga, kama mto unavyokutana na ziwa. Ila "I ran over my uncle" ukisema hivyo polisi wanakuja. Hapo umemkanyaga.

#8 Kuli wa Stesheni

Sawa. Na treni? Tangazo likisema "The train is running late" mimi huwa nachanganyikiwa. Kama linakimbia linachelewaje?

#9 Asali ya Miombo

Hapo ndipo ile picha ya maji inakusaidia, ndugu. "Running" ni kwamba liko kwenye safari zake, halijafutwa. "Late" ni kwamba limechelewa. Hata kama limesimama Uvinza mashine imezimwa, bado "it's running late". Na hata wewe uliyelala kitandani saa 2 asubuhi unaweza kutuma ujumbe "I'm running late", na hujamwongopea mtu.

Tumieni "run" kwa chombo chenye ratiba. Mfano wa kufundishia nilionao siku zote ni Liemba, meli yenu. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapo Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Sasa ukisema "The Liemba went to Mpulungu" umeeleza safari moja, ilikwenda Zambia siku fulani. Ukisema "The Liemba ran to Mpulungu" unaongelea miaka na miaka ya kwenda na kurudi, abiria na mananasi na dagaa. Kiswahili hatusemi ilikimbia. Tunasema ilikuwa inafanya safari za Mpulungu, au ilikuwa inapiga ruti.

#10 Sina Haraka

Wakuu na mimi niulize kwa nia njema. Haya yote ya nini? Lugha ya watu ina fujo, neno moja maana 645, halafu sisi ndio tunaambiwa hatujui. Kiswahili kimenyooka. Neno moja maana moja.

#11 Mgebuka Mkavu

Sina Haraka, leo asubuhi umepiga mswaki, ukapiga pasi shati, mkeo akapiga deki, mkapiga stori, ukapiga simu kazini, ukapiga foleni benki, mchana umepiga ubwabwa, jioni umepiga picha machweo. Nani amelia katika hao wote uliowapiga?

#12 Sina Haraka

😂😂 Nimekaa pale.

#13 Mgebuka Mkavu

Karibu kiti. Na fikiria mgeni anayejifunza Kiswahili aliyeandika daftarini "piga, kuchapa". Siku ya kwanza anasikia "wamepiga kura", anauliza kura imekosa nini. Nilimpokea mmoja alikataa kabisa kuingia ndani ya mtumbwi kwa sababu alisikia wavuvi wanaambizana wapige kasia kwa nguvu. Alidhani Kasia ni jina la mtu.

#14 Mtoto wa Kasulu

Nimesoma kimya kimya toka mwanzo. Mnaeleza "run" imekwenda wapi, mbona hamsemi "kimbia" yetu nayo imekwenda wapi?

Mimi nimekua karibu na kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa 1996 watu walipokuwa wanavuka ziwa kutoka Kongo. Huku kwetu kimbia haina uhusiano na bomba wala ratiba. Kimbia ina hofu ndani yake. Amekimbia nchi. Mke kamkimbia. Wadai wanamkimbiza. Amekimbilia kanisani. Na mtu aliyeacha nyumba na shamba tukampa jina kutoka humo humo: mkimbizi. Waingereza mkimbizi wao hawakumtoa kwenye "run", walikwenda kumchukulia jina kwenye Kifaransa.

Nilikuwa na rafiki kutoka kambini tulikuwa tunacheza mpira. Siku moja mzungu wa shirika anamwambia "You run very well!" Mkalimani, kijana mwenzetu tu, akatafsiri: "Anasema unajua sana kukimbia." Jamaa akanyamaza. Akatoka uwanjani akaenda kukaa. Mkalimani alikuwa hajakosea neno hata moja.

#15 Asali ya Miombo

Hii nitaibeba darasani, kijana wangu.

#16 Mgebuka Mkavu

Mtoto wa Kasulu, nimeisoma mara tatu. Ni kweli kabisa. Maneno mawili yalikutana miguuni yakaachana njia panda. La kwao lilifuata maji, la kwetu likafuata woga. Ndiyo maana hata riadha hatuipi "kimbia" peke yake, tunachukua "mbio": mbio ndefu, kushinda mbio, Mbio za Mwenge. Mwenge ungekuwa na "makimbio" watu wangeuliza unamkimbia nani. Mkalimani angesema "una mbio nzuri" au "una kasi", pengine rafiki yako angebaki uwanjani.

#17 Kuli wa Stesheni

Turudi kwenye siasa kidogo maana nimenyamaza sana. "Run for president"?

#18 Mgebuka Mkavu

Hii naipenda. Marekani mtu "runs for office", anakimbia. Uingereza mtu yule yule, nafasi ile ile, "stands for Parliament", amesimama. Lugha moja hiyo! Huku sisi hatusimami wala hatukimbii, tunagombea, kitenzi kile kile cha ndoo bombani. Nawaachia muamue nani kaeleza uchaguzi vizuri zaidi.

Mgombea mwenza wao ni "running mate", na hilo lilitoka kwenye mbio za farasi: farasi anayewekwa kumsindikiza mwenzake ashike mwendo.

Nyingine nipitie haraka maana giza linaingia na mbu wa ziwani hawana utani. "She runs a guest house" ni anaendesha, na angalieni: enda, endesha, yaani anaifanya iende. "It runs in the family" ni ya ukoo. "Run up a debt" ni kulimbikiza deni, mkiulizwa dukani. "Run off with" ni kutoroka na kitu au na mke wa mtu. "Run someone down" ni kumgonga, lakini pia kumponda kwa maneno. "I feel run down" hujagongwa na gari wala kuchafuliwa jina, umechoka tu, mwili hauna nguvu. "Run a fever" una homa. "Run an errand" umetumwa, hata ukienda kwa mwendo wa kinyonga. "Run a red light" umepita taa nyekundu, ila hapa Kigoma mjini hutapata nafasi nyingi za kulitumia.

#19 Binti wa Ujiji

Kaka kabla hujaondoka, swali la mwisho. Yule yule mteja wa kitenge. Nimemtumia ujumbe kwa Kiingereza kumweleza kitenge kipya hakichuji, ni cha wax, bei yake, na afike duka la tatu ukitoka kituoni upande wa kulia karibu na muuza samaki wa magebuka. Kaniandikia "Could you run that by me again?" Nimfuate wapi?

#20 Mgebuka Mkavu

Usiende popote, dada. Anaomba urudie. Hajakuelewa.